Mlangilangi wa Makorora

Nilinunua mche huu guliioni Muheza,
ndani ya kopo la maziwa lililotoboka chini,
kwa Mbondei mmoja, Singano,
aliyeniapia kwa kidole juu:
"Huu ukichanua, mzee, mtaa mzima utakuja kukusalimu."
Nikalipa. Nikalipakata kopo kama mtoto mwenye homa.

Sikumwambia kwamba pua yangu ilikufa zamani.
Miaka kumi na tisa nilipanga magunia ya mbolea ghalani,
vumbi likinichoma hadi nyuma ya macho,
mpaka asubuhi moja nikanywa chai ya tangawizi
nikadhani ni maji ya moto.
Tangu hapo samaki na waridi kwangu ni mamoja.

"Mti wa pua kwa mtu asiye na pua?"
Mwanamvua aliniuliza, kidevu juu ya ukuta.
"Si bora mpapai, ukala?"
Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na shimo,
dhiraa moja kwenda chini, mchanga mtupu,
na samadi ya mbuzi, na makumbi yaliyooza.

Mwaka wa kwanza niliukinga jua kwa makuti.
Wa pili ukanipita kimo bila hodi.
Wa tatu, usiku wa masika, tawi likakatika, ka!
kama muhogo mbichi.
Nikampigia Singano simu.
"Ukate kichwa."
"Kichwa?"
"Kichwa. Ukiuacha utachanulia kunguru."
Wiki nzima nilinoa panga ambalo lilikuwa kali tayari.

Ulipopona, matawi yakaanza kuinama,
yakaja chini taratibu
kama mikono ya mtu atafutaye kiatu uvunguni.
Lakini ua, hakuna.
Kila alfajiri nilitafuta manjano. Hakuna.
Mjukuu wa Mwanamvua akaniletea bagia;
karatasi iliyozifunga ilikuwa na mwandiko:

*Jirani mlangilangi, mbona waficha ahadi?
Maji unayanywa mengi, mbolea imeshazidi,
hatuoni hata rangi, wala harufu ya udi,
au nawe mstaafu, unalala makusudi?*

Nilicheka peke yangu, kisha sikucheka.

Halafu mambo yakawa ya ajabu.
Baada ya isha, mtu wa baiskeli alisimama ukutani,
akatua mguu mmoja, akatulia, akaenda zake.
Kesho yake tena. Keshokutwa wakawa wawili.
Nikasema: wezi.
Nikakesha kibarazani na tochi na fimbo.

Jumamosi Nunuu akaja kutoka Pongwe,
akagota langoni, begi mgongoni.
"Babu, kuna harusi?"
"Harusi ya nani?"
Akanishika mkono, akafunua jani:
ua la kijani, refu, limenyongeka kama utepe uliolowa.
Na jingine. Na jingine.
Siku ngapi yamening'inia hapo, kijani ndani ya kijani,
nami nangoja manjano,
nisijue kwamba manjano huja mwisho!

Mwanamvua alikuja bila shairi, na kisahani.
Alitaka saba, ya kikuba cha mpwa wake.
Akachuma la kwanza, akalisogeza puani pangu,
akakumbuka.
Mkono ukabaki hewani.

"Basi niambie," nikasema.
Alifumba macho. Alikawia.
"Kabati la mama," akasema, "likifunguliwa sikukuu.
Na nguo ambazo bado hujaruhusiwa kuzigusa."

Nilivuta pumzi. Ubaridi kidogo, basi.
Lakini uso wake niliuona,
na mama yake sikuwahi kumjua.

Kesho nitapunguza tawi la upande wa bomba, linaziba mwanga.
Sasa ni saa mbili na robo.
Nasikia mnyororo wa baiskeli unakuja, mkavu, hauna mafuta.
Nazima taa ya nje,
asije akaona haya.